Mstari Uliogoma Kung'aa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Si ya ukungu, si ya siki. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, ikipanda kutoka kwenye vigae vya ua ambavyo Hniya alikuwa amevisugua tangu asubuhi mpaka magoti yakawaka moto.

Alisugua kwa siki na magadi, kwa mswaki mkuukuu, ungio kwa ungio, kwa sababu Ijumaa mawifi zake wangekuja kula kuskusi, nao walikuwa na macho ya kuona uchafu kabla ya kuona mtu. Saruji katikati ya vigae ikarudi nyeupe. Mstari mmoja tu, kando ya shimo la maji machafu, uligoma. Kwa hasira Hniya akaumiminia birika zima la maji yanayotokota, na maji yakateremka shimoni yakivuma.

Lalla Zhor, mama wa mumewe, alikuwa kizingitini akichambua dengu. Akainua kichwa. "Umepiga hodi?"

"Kwa nani, Lalla?"

"Kwa walio chini. Wamekulea wapi wewe, humu mjini Fez, ukamwaga maji ya moto shimoni bila bismillahi?"

Hniya akacheka, akasema walio chini wakitaka heshima na waje wasugue wenyewe. Lalla Zhor hakucheka. Alifunika dengu zake, akaingia ndani.

Alasiri, Hniya alipomvua nguo Tamou, binti yake wa miezi minane, aliona mistari mgongoni. Myekundu, myembamba, imekatana miraba miraba. Aliigusa, ilikuwa ya moto. Mtoto hakulia. Alikuwa akitazama juu ya bega la mama yake, kule kwenye shimo.

Kesho yake maungio yote yalikuwa meusi tena, na kadiri Hniya alivyosugua ndivyo weusi ulivyorudi nyuma ya mkono wake, na kadiri ulivyorudi ndivyo mistari ilivyopanda mgongoni kwa Tamou, ikafika shingoni, ikazunguka sikio, na kutoka shimoni kukaja sauti nyembamba, ya kukwama kwama, sauti ambayo mzazi yeyote huijua hata usingizini: mtoto mchanga aliyechoka kulia na bado analia.

Mswaki ukamtoka mkononi. "Lalla," alinong'ona, "mwite mtu."

Lalla Zhor alirudi na Si Bouchta, fakihi wa mtaani, mzee mwenye kikohozi. Alisoma kwa sauti ya chini, akalaza sikio kwenye kigae, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kuna mama huku chini," akasema. "Mwanawe ameungua. Mwenyewe hatoki, hapa ni kwake kabla hapajawa kwenu."

"Na wangu?" Hniya aliuliza. "Wangu je?"

"Wako atapona kadiri wake anavyopona."

Akaagiza maziwa baridi kando ya shimo, asubuhi saba, yasiwe na chembe ya chumvi. Na ule mstari wa kwanza usiguswe tena maisha. Ndipo mtoto yule wa chini anapolala.

Ijumaa mawifi walikuja. Mmoja aliuona mstari mweusi, akafyonya, akasema siku hizi hata mswaki umekuwa adimu. Hniya akameza maneno yake pamoja na kuskusi, mkono mmoja ukipapasa mgongo wa Tamou chini ya nguo, akihesabu mistari iliyobaki.

Asubuhi ya saba ngozi ilikuwa safi. Hniya alimwacha mtoto atambae uani, akaenda kuchemsha maji ya chai. Aliporudi, birika mkononi, Tamou alikuwa kando ya shimo. Alipiga kigae kwa kiganja, mara mbili, akacheka.

Chini ya kigae, kiganja kikajibu, mara mbili.

Hniya aliliweka birika chini taratibu, mbali, lisimwage hata tone.

"Bismillahi," alinong'ona. "Hodi."

Kicheko kilichomjibu kilikuwa cha Tamou, kilekile, mpaka kwikwi yake ya mwisho. Lakini Tamou alikuwa amenyamaza, ameinamisha kichwa, anasikiliza.