Sumu Chini ya Mikorosho

Lori la Fuso lilikata kona, likaiacha lami.

Sabra alipunguza gia. Pikipiki yake, Boxer nyekundu, ikaingia kwenye vumbi katikati ya mikorosho. Baibui lilificha kila kitu: redio kiunoni, bastola ya Glock ubavuni, kamera ndogo kama kifungo kifuani.

"Mnara, hapa Kozi. Gari limeingia Nachiwale, nyuma ya Mtawanya."

"Una uhakika ni Nachiwale?" mkuu wake aliuliza redioni.

"Nimezaliwa hapa."

Aliificha pikipiki, akatambaa hadi nyuma ya kichuguu. Ubavuni mwa Fuso palikuwa pameandikwa MAFUTA YA KULA. Wanaume wawili waliburuta mpira mnene hadi kwenye kisima kirefu kilichochimbwa zamani na kutelekezwa. Wakaung'oa mfuniko. Wakafungua koki.

Kilichotoka kilikuwa cheusi. Harufu yake ilimchoma macho.

Kwa miezi kadhaa Idara ya upelelezi ilikuwa ikimwinda mtu mmoja, Vosloo. Viwanda vya ng'ambo vilimkabidhi taka za sumu akaziteketeze. Hakuteketeza kitu. Alizivusha mto Ruvuma, na hapo zikapotea.

Sasa Sabra alijua zinakopotelea. Zilikwenda chini, kwenye maji yaleyale yaliyopandishwa na bomba la kijiji.

Bomba alilochotea Mwanaidi, dada yake.

Mwanaidi alianza kuvimba miguu, kisha uso. Wakasema malaria. Baadaye wakasema figo. Sasa alikuwa amelazwa mjini, na hakuna daktari aliyeweza kueleza chanzo.

"Mnara, wanamwaga sumu kisimani. Naomba ruhusa nitangaze watu wasinywe."

"Hapana. Vosloo anavuka kivuko cha Kilambo alasiri hii. Akisikia kelele, atageuza. Subiri."

"Watu wanachota sasa hivi, mkuu!"

"Ni amri, Kozi."

Sabra aliizima redio.

Kijijini alimkuta shemeji yake Hassani, mume wa Mwanaidi, nyuma ya msikiti, akifunga dumu la maji kwenye baiskeli.

"Shemeji, washa kipaza sauti. Waambie watu wamwage maji yote."

"Yana nini?"

"Sumu. Ndiyo iliyomlaza dada."

Hassani alilitazama lile dumu.

"Ninampelekea haya, Sabra. Kila siku. Anasema maji ya mjini hayamshuki, anataka ya nyumbani."

Sabra alilifungua dumu, akalimwaga. Hassani aliingia msikitini. Sauti iliyozoeleka kuita watu kwenye sala ikatoka ikiwa imepasuka, ikiwaomba majirani wasinywe, wasipikie, wasiwaogeshee watoto.

Watu wa Fuso nao waliisikia. Mmoja akatoa simu.

Sabra alikuwa ameshawasha pikipiki.

Aliipeleka kusini bila kugusa breki. Akaiwasha redio.

"Fuso liko Nachiwale, tumeni polisi. Mimi nakwenda Kilambo."

"Umetuharibia kazi, Kozi!"

"Bado."

Karibu na kivuko aliiona Land Cruiser nyeupe imekaa kimshazari barabarani, ikihangaika kugeuza. Alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea.

Risasi ya kwanza ilipasua tairi la mbele.

Ya pili, la nyuma.

Dereva akainua mikono. Vosloo, mzee mwenye mvi na shati lililopigwa pasi vizuri, alishuka taratibu.

"Binti, unajua marafiki zangu ni akina nani?"

"Lala chini."

"Tunaweza kuzungumza."

"Lala chini!"

Alilala. Sabra alimfunga pingu. Kidole chake kilirudi kwenye kifyatulio, kikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kisha akairudisha bastola ubavuni.

Simu ikaita. Hassani.

"Uko wapi, shemeji?"

"Kazini. Dada anaendeleaje?"

Kikasikika kilio cha mwanaume asiyejua kulia.

"Ametutoka, Sabra. Nimefika nimekuta wamemfunika."

Asubuhi wataalamu wa maji walifika Nachiwale na mitambo yao. Walilifunga bomba, wakachukua maji ya kupima kila upande wa kijiji. Wangeyavuta yale ya chini, wayachuje, wayavute tena. Fundi mkuu alimwambia Sabra ukweli: kazi hiyo ingechukua miaka.

Uani kwa Hassani, wanawake walikuwa wamekaa karibu na maiti. Hakuna aliyenyanyuka.

"Tunangoja nini?" Sabra aliuliza.

Bi Mwajuma, jirani yao, aliinamisha kichwa. "Maji ya kumwoshea, mwanangu. Yatatoka wapi?"

Sabra alichukua gari la Idara hadi Chikongola, mjini, akarudi na madumu ya maji safi. Alikunja mikono ya gauni, akamwosha dada yake mwenyewe, taratibu, kuanzia kulia, akishika ile miguu iliyovimba kama vile bado ingeweza kuuma.

Wanaume walipolibeba jeneza, simu ikaita tena.

"Vosloo ameanza kusema," mkuu wake alisema. "Lakini ulivunja amri. Utajieleza Dar."

"Nakuja."

Alivaa kofia ngumu. Bi Mwajuma alimfuata hadi njiani, kata mkononi.

"Hata kunawa tusinawe, mwanangu?"

"Hata kunawa, bibi."

Akawasha pikipiki, akaondoka bila kugeuka.