Balbina na Utando wa Kijani

Kila alasiri baada ya shule, Balbina alitumwa maji kwenye pampu. Kijiji kizima cha Mofu kilitegemea pampu ile, na kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kibaya. Ndoo zilipangwa foleni tangu asubuhi, mpini ukilia, akina mama wakirushiana maneno. Ungeweza kungoja mpaka giza liingie. Na wakati huo huo wenzake walikuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya netiboli, na Balbina ndiye aliyekuwa mfungaji wao!

Nyuma ya majaruba ya mpunga kulikuwa na bwawa lililoachwa na mto mafuriko yalipopungua. Ng'ombe walinywa humo na kuacha mavi yao humo humo. Asubuhi bwawa lilifunikwa na utando wa kijani, mzito kama mlenda. Lakini alasiri, baada ya jua kuwaka sana, utando haukuonekana tena, na maji yalikuwa meupe, safi machoni.

"Maji si ndiyo haya!" Balbina alijisemea siku moja. "Mama atayachemsha, mambo yamekwisha." Akajaza ndoo, akazungukia njia ya pampu ili aonekane anatokea huko.

"Leo umewahi, mwanangu," alisema mama yake, Yosefina.

"Foleni ilikuwa fupi, mama."

Loo, uongo ule ulimtoka kirahisi ajabu! Kesho yake ukamtoka kirahisi zaidi, na keshokutwa hakuufikiria kabisa. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila alipofunua ndoo asubuhi, alikuta utando mwembamba wa kijani juu ya maji. Jana meupe, leo kijani! Aliukomba kwa upawa, akaumwaga nyuma ya nyumba kabla mama hajaamka, akafunga mdomo.

Kisha mdogo wake, Gasper, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kutapika. Tumbo likavimba, macho yakawa ya njano. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, Balbina akifuata nyuma.

"Maji mnachota wapi?" mganga aliuliza.

"Pampuni tu, na nayachemsha mwenyewe mpaka yatokote," mama alijibu kwa fahari.

Mganga akamgeukia Balbina. "Ni kweli, binti?"

Balbina alitazama miguu yake. "Ndiyo."

Basi mganga akadhani ni malaria, akampa mtoto klorokwini ya maji. Gasper akaitapika hata hiyo. Siku zilivyokwenda akawa halii tena. Alilala tu, mikono imelegea, na majirani walioingia kumwona walitoka wakinong'onezana. Balbina aliwaona.

Asubuhi moja mama alikoroga uji mwepesi, akampakata Gasper. "Kunywa, baba, kidogo tu upate nguvu," alimbembeleza. Kijiko kikafika mdomoni mwa mtoto.

"Mama, usimpe!" Balbina alipiga kelele, akakipiga kijiko kikaanguka. "Maji si ya pampu! Ni ya bwawani! Yote, mama, siku zote hizi!"

Mama hakumpiga. Heri angempiga. Alimtazama tu, kisha akamfunga Gasper mgongoni na kutoka mbio kwenda zahanati bila hata kuvaa viatu.

Sasa mganga alijua anapambana na nini. Lori la mpunga lililokuwa likielekea Ifakara liliwachukua mama na mtoto hospitali. Balbina alibaki na shangazi yake, hana usingizi wala hamu ya kula, akiwaza kama Gasper atarudi.

Siku hiyo Bwana Afya wa kata, Mzee Kelestini, alikuja akamtaka ampeleke bwawani.

"Shikamoo," Balbina alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nionyeshe ulipochota."

Mzee Kelestini alijaza maji yale meupe kwenye chupa, akaiacha kwa shangazi. Asubuhi alirudi, wakaikuta ina pete ya kijani shingoni.

"Hawa ni bakteria," alieleza. "Wanatega mwanga wa jua na kujitengenezea chakula, kama jani la mpunga. Usiku wanapanda juu, na asubuhi utawakuta wanaelea. Wakishiba jua wanakuwa wazito, wanazama. Wewe ukaona maji meupe, kumbe wako chini. Mavi ya ng'ombe na joto vimewafanya wazaane kupita kiasi."

"Lakini mama aliyachemsha!"

"Moto unawaua wao. Sumu yao inabaki, na mtoto mdogo ndiye inayemuumiza kwanza."

"Basi ni wabaya wote?"

"Hapana. Hata baharini wako ndugu zao wasiohesabika. Mchana wanakusanya mwanga, na wengi wao usiku hujigawa, mmoja anakuwa wawili. Sehemu ya hewa unayovuta wanaitengeneza wao. Hata hawa wa hapa walikuwa wanafuata jua lao tu, Balbina. Aliyeficha ni wewe. Mganga angeambiwa kweli siku ya kwanza, mdogo wako asingefika hali ile."

Balbina alilia, na Mzee Kelestini hakumnyamazisha.

Wanakijiji walizungushia bwawa ua wa miba. Gasper alirudi mvua zilipokaribia, amekonda, hawezi tena kutembea. Ilibidi aanze upya kujifunza. Na mama, kila alasiri, alifuatana na Balbina pampuni, akasimama kando mpaka ndoo ijae.

Halafu ikafika siku mama hakuinuka kufuatana naye. "Nenda, mwanangu," alisema.

Balbina alingoja foleni mpaka jua likazama, kelele za uwanjani zikimfikia. Aliporudi, mama alimtazama usoni, si ndoo.

"Ungechelewa siku zile, tungekaa na kiu, na kiu tungeivumilia," mama alisema. "Mimi nilimnywesha mwanangu sumu kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuamini. Usisahau hilo. Haya, sasa yachemshe, yakipoa mpe mdogo wako."

Maji yalipopoa, Balbina alimshikia Gasper kikombe kwa mikono miwili. Gasper alikunywa yote.