Maji ya Kiyoyozi cha Phelister

Phelister alikuwa mpishi wa keki. Hakuwa na duka. Alipikia nyumbani kwake, mtaa wa Lucky Summer, ghorofa ya pili, katika chumba kinachopigwa na jua la mchana. Aliishi hapo na mumewe Odero na binti yao Jacklyne.

Mwezi wa tatu joto lilizidi. Krimu iliteleza kutoka kwenye keki kama uji. Keki mbili za wateja ziliharibika, na Phelister akakosa raha.

Ndipo Odero akaleta kiyoyozi kikuukuu kutoka ofisini kwao. Kilikuwa na magurudumu, na bomba nene la kutolea hewa ya moto dirishani. Kitabu cha maelezo kilikuwa kimepotea zamani. Lakini chumba kilipoa, na krimu ikashika. Phelister alifanya kazi huku akiimba.

Siku ya nne kiyoyozi kikalia, "Piii!" Taa nyekundu ikawaka, kisha kikazima. Odero alikiwasha tena. Kikalia tena. Akainama nyuma yake, akaona kizibo cha mpira karibu na sakafu. Akakivuta. Maji yakatoka kidogo, na kiyoyozi kikanguruma vizuri.

"Umeona, Mama Jacklyne?" alisema. "Kilikuwa kimezibwa tu."

Aliacha kizibo nje, akaweka kitambaa chini ya tundu, akaenda kazini.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kesho yake kulikuwa na harusi, na bibi harusi alikuwa ameagiza keki ya ngazi tatu. Phelister alichemsha maji na sukari asubuhi nzima katika chumba kile kile. Nguo mbichi zilianikwa kwenye kamba ndani, maana nje kulikuwa na manyunyu. Saa sita mayai yakamwishia. Alizima jiko, akaacha kiyoyozi kikifanya kazi, akaenda kununua mayai.

Aliporudi, alimkuta Mama Ndunge ngazini. Mama Ndunge alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa chini ya chumba cha Phelister.

"Mama Jacklyne, kwako kuna nini?" aliuliza. "Maji yananidondokea kitandani! Nguo za kwaya zote zimelowa, na zinatakiwa Jumapili."

Phelister alikimbia juu, akafungua mlango. Maji yalikuwa yametambaa sakafu nzima. Katikati ya maji ulilala waya wa umeme uliounganisha kiyoyozi na soketi. Aliinua mguu aingie.

"Mama, simama! Usikanyage!"

Alikuwa Kanyiva, fundi wa friji, aliyekuwa akitengeneza friji nyumba ya jirani. Alisikia kelele, akatoka.

"Swichi kuu iko wapi?"

"Hii hapa, nje ya mlango," alisema Phelister.

"Hapo unaposimama ni pakavu. Basi zima kwanza. Maji yakikutana na umeme, usiingie hata kama nyumba inaelea."

Phelister alizima. Kisha wakaingia, wakachomoa waya, wakaanza kupiga deki.

"Lakini maji haya yametoka wapi?" Phelister aliuliza. "Sijaweka hata tone ndani ya mashine."

"Yametoka hewani," Kanyiva alijibu. "Ukiweka soda baridi mezani, chupa si hutoa jasho? Hewa ya chumba ikigusa baridi ndani ya mashine, nayo hutoa jasho. Maji hayo hukusanyika chini, kwenye sinia. Wewe unachemsha sufuria wazi na kuanika nguo humu. Mvuke wote huo unaishia kwenye sinia."

"Na ile piii?"

"Ilikuwa inasema, 'Nimejaa.' Nyinyi mkaiachia imwage sakafuni."

Phelister aliona aibu, lakini Kanyiva hakumcheka. Alimwonyesha tu. Kiyoyozi kikilia, kizime, chomoa waya. Weka beseni fupi chini ya tundu, toa kizibo, subiri maji yaishe. Kisha rudisha kizibo na ukikaze.

"Nikiwa na keki nyingi nitakatiza kazi kila mara?"

"Hapana. Tumia mpira wa maji."

Kanyiva alitoa mpira mwembamba kwenye mfuko wake wa vifaa, akauunganisha kwenye tundu. Phelister akaushika ili aupitishe juu ya dirisha.

"Maji hayapandi mlima, mama," alisema Kanyiva. "Mpira ushuke tu, mpaka mwisho. Usiukunje."

Waliupeleka chini ya mlango hadi kwenye kibaraza cha kufulia, ambako sakafu iliinamia tundu la maji machafu. Waya wa umeme waliufunga juu ukutani.

"Siku za mfereji kukauka, nitayakinga," Phelister alisema. "Yanaonekana safi. Yatafaa chai."

"La! Yamepita kwenye vumbi na vyuma. Pigia deki, mwaga chooni. Usinywe, usipikie."

Phelister aliteremka kwa Mama Ndunge. "Nimekukosea, mama," alisema. "Nipe nguo hizo." Alizisuuza, na Odero aliporudi akazipiga pasi zote, hata kola. Alipomaliza, akakiokota kile kizibo. "Nilidhani najua kazi yake," alisema.

Keki ilifika harusini Jumamosi ikiwa imesimama imara. Jumapili kwaya iliimba ikiwa na nguo safi.

Wiki mbili baadaye, dari ya Mama Ndunge ilipokauka kabisa, Odero alikwenda kuipaka rangi. Mama Ndunge alimtazama akifanya kazi, huku sufuria yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ikitoa mvuke jikoni, akapangusa jasho.

"Joto hili litaniua," alimwambia Phelister, aliyekuwa amemshikia Odero ngazi. "Kesho nitaleta cherehani yangu kwako juu."

"Karibu sana, mama," alisema Phelister. "Lakini hiyo sufuria ya muthokoi uiache huku huku chini. Na ikibidi uje nayo, ifunike."