Barua ya Shanga za Tarbaj

Kila siku masomo yalipokwisha, Ardo na rafiki yake Caro walivuka pamoja barabara kuu ya Garissa. Caro alishika njia ya nyumba za polisi, alikoishi na baba yake. Ardo aliingia sokoni, akawapita wauza maziwa ya ngamia na wauza nguo, mpaka kwenye kibanda cha mama yake, Qali.

Qali alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili waliofuma mikeka ya miyaa ya mkoma na vyombo vya maziwa, na kutunga mikufu ya shanga. Katika soko lile hakuna aliyemshinda kwa kufuma, lakini hakupata kusoma. Kwa hiyo Ardo, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa mwandishi wa kikundi. Kila kitu kilichouzwa alikiandikia kadi ndogo: kimetengenezwa na nani, wapi na mwaka gani. Kisha aligonga mhuri wa kikundi, uliokaa ndani ya kopo la majani chai. Hati yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wateja waliotoka mbali waliuliza ni ya nani. Ardo alijifanya hasikii, lakini moyoni alifurahi sana.

Jumatano moja, Qali alikwenda kando ya mto kutafuta miyaa akamwacha Ardo kibandani. Alasiri alifika mjomba wake, Aweys, ambaye Ardo alimwita Abti, kama Wasomali wanavyowaita ndugu wa kiume wa mama. Abti Aweys alikuwa mfugaji wa huko Tarbaj, na ukame ulikuwa umemaliza karibu mbuzi wake wote. Alifuatana na mwanamume mmoja aliyevaa miwani ya jua na shati lililopigwa pasi.

"Ardo, huyu ni Bwana Dagane, mfanyabiashara kutoka Nairobi," Abti Aweys alisema. "Anataka umwandikie barua fupi."

Dagane aliweka boksi mezani, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na shanga nyekundu za mawe, kubwa kama punje za mahindi, bangili ya shaba iliyoota kutu ya kijani, na chungu kidogo chenye michoro kuzunguka mdomo. Udongo ulikuwa bado umejaa kwenye michoro hiyo.

"Andika kwamba vitu hivi vimetengenezwa na kikundi chenu mwaka jana," Dagane alisema kwa sauti ya upole. "Mnunuzi wangu yuko ng'ambo. Watu wa forodha wa huko hawaruhusu vitu vya kale kuingia bila kibali cha serikali ya Kenya. Lakini kazi za mikono za kina mama huziruhusu."

"Lakini hatukuvitengeneza sisi," Ardo alisema.

"Ni karatasi tu, Ardo," mjomba wake alimjibu bila kumtazama. "Hakuna atakayeumia. Mifugo yangu imekwisha. Nikifanikiwa hapa nitaanza upya, na binamu zako watarudi shuleni."

Ardo alimpenda sana mjomba wake. Alipokuwa mdogo, Abti Aweys alimbeba mabegani kila walipokwenda visimani, akimwimbia njia nzima. Pia alitaka kumwonyesha mgeni yule jinsi anavyojua kuandika. Alichukua karatasi yenye jina la kikundi, akaandika mistari mitano, akagonga mhuri. Dagane aliisoma barua, akatabasamu, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Boksi litaondoka na basi la kesho saa nane mchana," alimwambia Abti Aweys.

Jioni, Qali alirudi na mizigo yake ya miyaa. Ardo alimpa chai.

"Nimesikia mjomba wako yuko mjini. Alipita hapa?"

"Alipita kutusalimia tu," Ardo alijibu.

Uongo huo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko ule wa kwanza, na jambo hilo ndilo lililomtia hofu.

Kesho yake wakati wa mapumziko, Caro alimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa la Gredi ya Saba, chapati yake ikiwa mkononi bila kuguswa.

"Mbona huli?"

"Caro, mtu akiandika uongo kwa sababu ameombwa na mtu mwingine, uongo huo ni wa nani?"

Caro alifikiri kidogo. "Labda ni wa wote wawili. Lakini hati itakayoonekana ni ya aliyeshika kalamu. Kwani umeandika nini?"

Ardo alimpa ile chapati, akaenda kumtafuta Mwalimu Koome, aliyewafundisha Masomo ya Jamii. Mwalimu Koome alitoka Meru, na alikuwa amefundisha Garissa miaka mingi mpaka akajua kuwatania wazee kwa Kisomali. Ardo alimkuta akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, kwa nini nchi nyingine zinakataa kupokea vitu vya kale kutoka kwetu? Hawavipendi?"

"Wanavipenda sana, na hapo ndipo penye tatizo," Mwalimu Koome alisema, akaweka kalamu chini. "Mtu hachimbui kaburi la kale kwa sababu anapenda kuchimba. Anachimba kwa sababu yuko mtu mahali fulani anayesubiri kununua. Sasa nchi ya mnunuzi ikisema, kitu hiki hakiingii kwetu mpaka tuone kibali cha nchi kilikotoka, mwizi atakipeleka wapi? Sisi hatuwezi kuweka mlinzi kwenye kila kaburi la porini. Lakini mlango ukifungwa kule, majembe hulala huku."

"Na mtu akitaka kuupita huo mlango?"

"Atatafuta karatasi ya uongo. Atasema ni kitu kipya, au ni urithi wa bibi yake. Karatasi ikiaminika, sheria yote imekuwa kazi bure."

Ardo aliitazama meza, kisha akajilazimisha kumtazama mwalimu usoni.

"Karatasi hiyo nimeiandika mimi, Mwalimu."

Alimweleza kila kitu. Mwalimu Koome hakumkatiza wala hakumkaripia. Ardo alipomaliza, mwalimu alitazama saa. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Tuna muda," alisema. "Nitamwomba mwalimu mkuu ruhusa twende. Lakini tutaanzia kwa mama yako. Jina lililoandikwa kwenye karatasi ile ni la kikundi chake, na anastahili kuambiwa na wewe mwenyewe."

Walipofika sokoni, Ardo alitamani ardhi ipasuke immeze. Abti Aweys alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya kibanda, akinywa chai na dada yake huku akisubiri saa ya basi. Ardo alisimama mbele yao wote wawili.

"Hooyo, jana nilikudanganya," alimwambia mama yake. "Abti hakuja kutusalimia tu. Alikuja na mtu, nikawaandikia barua ya uongo na kuigonga mhuri wenu."

Alieleza habari ya boksi, shanga na forodha. Kadiri alivyoendelea, sauti yake ilipata nguvu.

"Mtoto hakuelewa vizuri," Abti Aweys alianza kusema.

Qali aliinua mkono kumnyamazisha. Aliweka sindano yake juu ya mkeka.

"Aweys, vitu hivyo vilikuwa wapi?"

"Chini ya ardhi."

"Chini ya nini?"

Abti Aweys alizungusha kikombe mkononi. "Chini ya mawe."

"Mawe ya kaburi?"

"Kaburi la watu wa kale, Qali. Hakuna anayejua majina yao. Si wa ukoo wetu, na labda hata hawakuwa Waislamu."

"Baba yetu naye amezikwa porini, chini ya mawe," Qali alisema polepole. "Leo mimi na wewe tunajua jina lake. Baada ya miaka mia tano nani atalijua? Siku hiyo atakapopita mtu mwenye njaa na jembe, ungependa aseme nini?"

Abti Aweys alijifuta uso kwa ncha ya shali yake, akakaa ameinamisha kichwa. Wakati huo Mwalimu Koome alisogea pembeni akampigia simu Bi Risper, afisa wa makumbusho aliyewahi kuwatembelea shuleni. Aliporudi alisema, "Bi Risper yuko Wajir, atafika kesho. Anaomba boksi lisisafiri, na mtu yeyote asivisafishe vitu vile. Ameniambia pia anawajulisha polisi."

"Ardo," Qali alisema, "chukua karatasi nyingine."

Ardo aliandika: *Barua niliyoiandika jana ni ya uongo. Vitu vile havikutengenezwa na kikundi chetu. Vilichimbwa kaburini.* Chini yake aliandika jina lake kamili. Qali akagonga mhuri kwa mkono wake mwenyewe.

Kwenye kituo cha basi, wote wanne walimkuta Dagane mbele ya dirisha la vifurushi. Boksi lilikuwa juu ya mizani, na karani alikuwa ameshika ile barua ya kwanza, akinakili maelezo yake.

"Asalamu alaikum," Qali alisema. "Karani, barua hiyo ina mhuri wa kikundi changu, nayo si ya kweli. Hii hapa ndiyo ya kweli."

Dagane alicheka kidogo. "Mama, umri wa vitu hivi unaujulia wapi? Barua imeandikwa, mhuri umegongwa. Mambo yamekwisha."

"Niliiandika mimi," Ardo alisema. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama. "Nilijua si kweli nikaandika. Sasa naifuta."

Karani alizisoma barua zote mbili, akautazama ule mwandiko mmoja, kisha akaliondoa boksi kwenye mizani. Dagane alinyoosha mkono kulichukua, lakini Abti Aweys alimtangulia.

"Boksi hili nililitoa ardhini mimi," alisema, akilikumbatia kifuani. "Haliendi popote."

"Unajua unachopoteza?" Dagane alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ninajua. Nimepoteza mbuzi zizi zima na bado niko hai. Hiki hakitaniua."

Dagane alitoka haraka, lakini hakufika mbali. Baba yake Caro na polisi mwenzake walimpata kwenye nyumba ya wageni alikolala, pamoja na maboksi mengine matatu. Baadaye alifikishwa mahakamani, na Abti Aweys akatoa ushahidi.

Bi Risper alifika Ijumaa. Alivaa glavu nyeupe, akaitoa shanga moja baada ya nyingine na kuiandika. Kisha akamwambia Abti Aweys bila kuficha, "Umevunja sheria. Kosa lako litaandikwa. Lakini kama utatuonyesha mahali na kutueleza yote unayokumbuka, hilo nalo litaandikwa." Abti Aweys alikubali. Alionywa vikali, akatia saini maelezo yake. Ndugu zake walipopata habari walimchangia mbuzi wa kuanzia, kama ilivyo desturi mfugaji akiishiwa. Qali alimuuliza kwa nini hakuwaomba tangu mwanzo, naye akasema aliona aibu.

Likizo ya Agosti, Ardo na mama yake walifuatana na Bi Risper mpaka Tarbaj. Kaburi lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, duara la mawe meusi lililobomolewa upande mmoja. Abti Aweys alipiga magoti kwenye vumbi akamwonyesha Bi Risper.

"Shanga zilikuwa hapa, zimezunguka hivi. Bangili ilikuwa huku. Chungu kilikuwa kule, karibu na kichwa."

Ardo aliufuata mkono wa mjomba wake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hapo palilala mtu. Shanga zilikuwa shingoni, bangili mkononi, na mtu fulani alikuwa ameweka chungu karibu naye, pengine chenye maziwa.

"Mawe mekundu kama ya shanga zile sijayaona katika eneo hili," Bi Risper alimwambia. "Huenda yalitoka mbali sana. Tukijua yalilala wapi na pamoja na nini, tunaweza kuanza kujua watu wa hapa walifanya biashara na nani. Shanga zile zingefika kwenye kabati la mtu ng'ambo, zingekuwa nzuri tu, zisizo na la kusema."

Bi Risper alipomaliza kupima na kupiga picha, alisema mawe yarudishwe. Walikuwa wakiinua la kwanza walipotokea vijana wawili wakichunga ngamia. Mmoja wao alimuuliza Abti Aweys kama bado kuna kitu cha kuuza.

"Hakuna," Abti Aweys alisema, akasimama na kujipangusa magoti. "Na msichimbe kwingine. Huko vinakopelekwa, watu wa forodha sasa wanauliza, kibali kiko wapi? Hakuna wa kukupa kibali hicho isipokuwa mtu aliye tayari kudanganya kwa ajili yako. Mimi nilimfanya mtoto wa dada yangu adanganye." Alimgeukia Ardo. "Nilimwambia ni karatasi tu, hakuna atakayeumia. Kumbe karatasi ya uongo ndiyo jembe lenyewe. Alipolijua hilo aliifuta mbele ya watu, mchana, bila kujificha nyuma ya mtu. Kukosea kila mtu hukosea. Anayesimama kulirekebisha kosa lake kwa jina lake mwenyewe, huyo ndiye wa kutegemewa. Nimejifunza kwake nikiwa na mvi."

Wale vijana walitazamana. Kisha yule mkubwa alichomeka fimbo yake ardhini, akakunja mikono ya shati, na kushika upande wa pili wa jiwe.