Samli ya Wakhungu

Mume wangu Wakhungu ana kifafa. Ana kichwa kigumu pia, na hicho hakina tembe.

Tunafuga ng'ombe hapa Kitale. Kila asubuhi yeye hukata nyasi ya nepia kwa mashine. Mimi nikikamua, masikio yangu yako kwa hiyo mashine. Ikinyamaza tu, naenda mbio.

Siku moja mama yake alitutumia samli kutoka Chwele. Jioni hiyo Wakhungu akasikia redioni kwamba protini fulani katika seli za neva hubandikwa mafuta ndipo zifanye kazi. Basi akaweka tembe kando, akaanza kunywa samli kwa kikombe.

"Baba Joan, na tembe je?"

"Za nini? Si neva zinataka mafuta, bana!"

Wiki haikuisha. Akaanguka kando ya mashine, kabla hajaiwasha. Mungu wangu! Nilisogeza panga lake la nyasi, nikamlaza ubavu. Sikumtia chochote mdomoni. Alipofungua macho, nililia.

Nikamwita jirani yetu Cherono, muuguzi wa kliniki ya kifafa.

"Redio haikudanganya," Cherono alisema. "Wakhungu, ng'ombe akikamuliwa unamfanya nini?"

"Namfunga kamba."

"Sawa. Seli ya neva pia hufunga protini kwa mafuta, ikae ukingoni, pale ujumbe unapopokewa. Ikitakiwa kuhama, inafunguliwa. Lakini kazi hiyo seli inajifanyia yenyewe, na mafuta yake mwili unajua kuyatengeneza. Kikombe chako cha samli hakizuii kifafa."

"Na tembe?"

"Tembe hutuliza neva zisipige kelele zote pamoja. Ukiziacha ghafla, unaanguka. Ukiona zinakusumbua, mwambie daktari kwanza."

Wakhungu akakuna kichwa. "Ati samli yote hiyo nimekunywa bure?"

"Iliyobaki tia kidogo kwa mboga," Cherono akacheka.

Tulienda kliniki, akarudishiwa tembe. Sasa humeza na chai ya asubuhi, nami namsimamia kama askari. Miezi imepita, hajaanguka.

Jana mashine ilinyamaza ghafla. Nikatupa ndoo, nikakimbia. Nikamkuta amesimama, anapangusa jasho.

"Nyasi imeisha, Mama Joan. Kwani maziwa umemwaga?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Leo imenyamaza tena. Nimeendelea kukamua.