Maji Nyuma ya Gari

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Mahlagha aliliweka begi la bluu juu ya kitanda cha marehemu mama yake, akaanza kupanga nguo. Jikoni birika lilikuwa likichemka. Uani, mkomamanga ulikuwa umebakiwa na majani ya njano tu, na makomamanga ya mwisho yalikuwa yamepasuka matawini kwa kukosa mchumaji. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyomwambia mama yangu, Bi Tuba, ambaye nyumba yake na ya Mahlagha zinagawana ukuta mmoja.

Alhamisi kaka yake Kiumars angekuja kutoka mji wa Arak na mkewe Firuze na binti yao Tarane, wampitie hapa Saveh, kisha wapande milima hadi Chalus. Wangekaa siku nne msituni kutazama majani yanavyogeuka rangi. Baada ya hapo wote wangerudi Arak, na Mahlagha angebaki huko moja kwa moja. Firuze alikuwa amemtolea chumba, akamshonea na mapazia. Kwa hiyo wengine walikuwa wanafungasha vitu vya matembezi, yeye alikuwa anafungasha maisha: makoti mawili ya baridi, cheti cha kuzaliwa, picha za harusi za watu wengine. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwahi kulala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja.

Kwetu, mtu akisafiri lazima abaki mwenzake mlangoni na bakuli la maji. Gari likiondoka, maji yanamwagwa nyuma yake ili msafiri arudi. Katika nyumba ile aliyebaki mlangoni alikuwa Mahlagha. Alimwagia Kiumars alipokwenda jeshini, akamwagia tena alipokwenda kuoa, akamwagia mama yake kila alipokwenda kuzuru kaburi takatifu la Mashhad. Bakuli lilikuwa la shaba, na ndani yake lilielea jani moja la mkomamanga. Yeye hakuwahi kumwagiwa na mtu, maana hakwenda popote.

Majira ya kuchipua yaliyopita, mama yake, Bibi Shokat, alifariki dunia alasiri moja akiwa ameegemea mto wake. Gari likaja kuuchukua mwili. Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni wakilia. Gari lilipoanza kusogea, Mahlagha alitoka jikoni mbio na lile bakuli, midomo ikimchezacheza, akamwaga maji barabarani. Jani bichi likaganda kwenye lami.

Kilio kikakatika. Mama yangu akamnyang'anya bakuli. "Mwanangu, umefanya nini? Ile si safari ya kurudi."

"Mazoea, Bi Tuba," alisema Mahlagha. "Mikono imezoea."

Watu wakamwonea huruma, yakaisha. Ila kuanzia wiki ile, kila Alhamisi akitoka makaburini, Mahlagha alikuta kizingiti cha mlango kimelowa. Alikipangusa, akaingia ndani. Mara nyingine glasi ya chai ya mama yake ilikuwa ya vuguvugu. Niseme kweli, hakuogopa. Mtu anayeishi peke yake huzoea mengi, na mengine humfariji.

Aliogopa Jumanne ile. Alikwenda jikoni kujimiminia chai, akarudi na glasi mkononi, akakuta begi tupu.

Akafungua kabati. Nguo zote zilikuwa humo. Zilikunjwa mara tatu, mikono imeingizwa ndani. Mahlagha hukunja mara mbili. Aliyekuwa akikunja mara tatu alizikwa majira ya kuchipua.

Alisimama hapo mpaka chai ikapoa. Kisha akazitoa nguo, akazirudisha begini moja moja. Chini kabisa, amelifunga katika shali la sufu, akalitia lile bakuli la shaba ili pasiwe na mtu wa kulitumia.

"Mama, niache niende," alinong'ona. "Nimechoka kukaa peke yangu."

Akafunga zipu. Jumatano asubuhi alilijaribu begi kwa mikono miwili, akalikuta zito vilevile, akashukuru. Siku nzima alikaanga kababu za viazi na nyama za kula njiani, akakata matango ya siki, akafunga mbegu za alizeti katika karatasi. Jioni alimwita mama yangu ukutani.

"Bi Tuba, kesho usinimwagie maji."

"Nikuache uondoke kavu kavu? Kwani mimi ni mkwe wako mbaya?"

"Nakuomba. Sitaki kurudi."

Mama alimtazama usoni, utani ukamwisha. "Basi nitashika msahafu tu," alisema.

Alhamisi saa mbili asubuhi gari lilifika. Walikunywa chai haraka jikoni kwa mkate na jibini, halafu Kiumars akaanza kulipanga buti la gari upya, kwa maana kila alichokihitaji kilikuwa chini ya asichokihitaji. Firuze alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Mume wangu, umeleta vyuma vya mishikaki vya kulisha kijiji kizima, mkeka umeusahau."

"Mkeka umeukalia wewe tangu Arak. Dada, begi lako liko wapi? Nimekuachia nafasi ya kulaza ng'ombe."

Mahlagha akamwonyesha kule chumbani. Kiumars alirudi akilining'iniza kwa mkono mmoja.

"Dada, hili? Nilidhani unahama."

"Nimetia kila kitu."

"Jepesi kama la mtoto wa shule."

"Mwache wifi yangu," alisema Firuze. "Kikipungua kitu, atavaa changu. Tutabanana tu."

Mahlagha alitaka kulifungua aangalie, lakini begi lilikwisha kuzikwa chini ya hema, jiko la gesi na mablanketi. Akajiambia Kiumars ana nguvu. Akafunga mlango wa nyumba, akautia ufunguo ndani ya mkoba wake. Mama yangu aliuinua msahafu kwa mikono miwili, wote wanne wakapita chini yake, hata Tarane aliyekuwa akinyonya ndimu ili asitapike. Mahlagha alimbusu mama yangu mara tatu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wakapanda. Gari likasogea.

Nyuma yao maji yakamwagika.

Walisikia wote. Matone yakapiga kioo cha nyuma.

"Bi Tuba huyo," alicheka Firuze. "Kumbe hakuweza kujizuia."

Mahlagha akageuka. Mama yangu alikuwa amesimama palepale, msahafu kaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akiutazama mlango wa nyumba ya Bibi Shokat, na mpaka leo hajaniambia aliona nini.

"Kiumars, endesha," alisema Mahlagha taratibu. "Endesha tu."

Walipita Karaj, wakasimama penye upepo kunywa chai ya chupa. Kiumars akachukua kitambaa akapangusa kioo cha nyuma. "Dada, mkomamanga wenu una majani mabichi mpaka leo?" Alimpa jani. Lilikuwa laini, kijani cha majira ya kuchipua, na lilikuwa bado na maji. Mahlagha akalitia mfukoni.

Nyumba waliyopanga ilikuwa pembezoni mwa msitu. Mahlagha alisubiri mpaka wenzake watoke kwenda kuwasha moto wa mishikaki, akafungua begi. Hakukuwa na makoti. Cheti hakikuwamo wala picha. Kulikuwa na nguo za siku nne, hesabu kamili, na soksi za sufu kwa sababu mama yake siku zote alimwambia miguu yake inapoa upesi. Zilikunjwa mara tatu, mikono ndani. Chini kabisa lilikuwa shali lake, limekunjwa vizuri. Bakuli halikuwamo.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Na siku zile zilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomuumiza. Msitu ulikuwa wa njano na mwekundu mpaka macho yanachoka. Firuze alimsuka nywele barazani akimsimulia umbeya wa Arak wa miaka kumi. Usiku Tarane alilala na miguu yake ya baridi juu ya tumbo la Mahlagha. "Shangazi, mlango wa chumba chako nimekuchorea paka," alimwambia. "Lakini mkia wake utaumalizia wewe." Katika miaka hamsini na miwili hakuna aliyewahi kumwachia mkia wa paka aumalizie. Alifikiri, labda nitafika. Labda maji ni maji tu.

Siku ya tatu mchana, simu yake ikalia. Alikuwa mama yangu.

"Mwanangu, asante kwa ashi."

Ashi ni supu nzito ya tambi, dengu na mboga. Siku ya tatu tangu msafiri aondoke, waliobaki nyumbani huipika na kuigawa kwa majirani ili njia imrudishe salama. Waliobaki nyumbani.

"Ashi gani, Bi Tuba?"

"Ya safari yako. Nimeikuta kizingitini ya moto, nanaa imekaangwa juu. Majirani wote saba wamepata. Chumvi pungufu, kama ya marehemu." Kisha mama akauliza, "Ufunguo umemwachia nani?"

Mahlagha akatia mkono mkobani. Ufunguo ulikuwa humo.

"Ya kwako imekuja katika bakuli gani?" alinong'ona.

Mama hakutaka kusema. Alisema.

"La shaba."

Msituni Tarane alikuwa akimwita baba yake aje aone uyoga. Mahlagha alikaa kitandani.

"Mahlagha," sauti ya mama ilishuka. "Siku ile, nyuma ya gari la maiti. Midomo yako ilikuwa ikicheza. Yalikuwa mazoea kweli?"

Alikumbuka uzito wa bakuli. Alikumbuka gari likisogea, na nyumba nyuma yake, vyumba vitano, na yeye mmoja. Alikumbuka maneno aliyoyasema polepole wasiyasikie watu. Nenda salama, Mama. Rudi upesi.

"Hapana," alisema. "Nilitaka arudi."

Na alirudi. Njia yote ile alirudi, kwa sababu aliitwa. Sasa alikuwa peke yake katika vyumba vitano, amepika, amegawa, anasubiri. Mahlagha alijua kusubiri kule kulivyo. Hakuna duniani aliyekujua kama yeye. Ndipo hofu ikamtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hofu.

Alilivuta begi, akazikunja nguo. Mara tatu, mikono ndani.

"Shangazi, unakwenda wapi?" Tarane alikuwa mlangoni na uyoga mkononi.

"Nyumbani."

"Arak?"

Mahlagha akambusu kichwani.

Alirudi siku ya nne kwa basi, na Kiumars aliyembembeleza kituoni mpaka dakika ya mwisho hakuambulia sababu. Nilimwona akipita na begi lake jepesi. Kabla hajafika mlangoni, mlango ulikwisha kuwa wazi.

Bakuli liko kwetu, juu ya kabati. Hakuna aliyekuja kulidai, na mama hataki kulirudisha. Mara nyingi linakuwa kavu, limejaa vumbi. Lakini Kiumars hajakata tamaa, na mapazia ya Firuze bado yananing'inia. Kila Kiumars akipiga simu kumwambia dada yake jiandae, kesho nakuja kukuchukua, sisi tunajua kabla Mahlagha hajatuambia. Tunalishusha bakuli, na hata theluji ikiwa imeufunika mkomamanga, ndani yake kuna maji, na jani moja bichi.