Mashine Isiyouliza

Kila alipotoka shule, Pupa alipitia studio ya kurekodi sauti ya shangazi yake. Alifagia, akapanga nyaya, kisha akakaa kwenye kompyuta. Jina hilo la utani alipewa na shangazi huyo huyo, wala si bure: mtoto alitaka kumaliza kazi kabla hajaianza.

Kompyuta ile haikuwa na picha za kubofya, ilikuwa na dirisha jeusi tu. Unaandika amri, inatii. Inatii mno, na hapo ndipo penye hatari. Ukiiambia ihifadhi kitu kwa jina ambalo tayari lipo, inafuta cha zamani bila kuuliza. Ndiyo maana Shangazi alimwagiza awashe ulinzi kila afunguapo dirisha: anaandika mstari mmoja mfupi, na tangu hapo mashine inakataa kufuta kilichopo. Lakini kukataliwa kulimuudhi Pupa. Siku moja akaupuuza mstari. Kwani yeye mtoto mchanga?

Akahifadhi tangazo la redio la magodoro kwa jina "sauti". Mashine ikanyamaza. Alipohakiki, akagundua alichokifuta. Asubuhi Shangazi alikuwa ametumia jina hilo hilo kuhifadhi maneno ya marehemu fundi saa, aliyoyatoa kwenye kaseti kuukuu ya mjane wake. Watoto wa marehemu, aliowaacha wachanga, hawakuikumbuka sauti ya baba yao, na jioni hiyo wangekuja kuisikiliza.

Nje wingu lilitanda, chumba kikaingia giza. Angeweza kusingizia umeme, nani angejua? Lakini alimwendea Shangazi akamweleza yote, pamoja na mstari ambao hakuuandika.

Shangazi hakugomba, na hilo lilimtisha Pupa zaidi. Aliinua kaseti kwenye mwanga. Utepe ulikuwa umekunjamana na kuchakaa.

"Asubuhi kaseti hii ilikwama ikicheza," alisema. "Ikikatika sasa, tutakuwa tumemzika yule baba mara ya pili."

Aliuandika mstari wa ulinzi ndani ya faili ambalo mashine hulisoma yenyewe kila dirisha linapofunguliwa, ili usitegemee tena kumbukumbu ya mtu. Akafungua dirisha jipya, akaiwasha kaseti. Ilikoroma. Sauti nzito yenye mzaha ikatoka, ikaita, "Wanangu." Ikasita. Pupa akafumba macho. Ikaendelea hadi neno la mwisho, na Shangazi akaihifadhi kwa jina jipya ambalo halikuwa limetumika.

Mjane alipofika na wanawe, Pupa alimweleza kosa lake na kumwomba radhi. Mama yule akasema amesamehe. Kisha wakaisikiliza sauti kwenye kompyuta, na mtoto mdogo akaomba irudiwe.

Pupa alianza kuirudisha nyuma kaseti ili amkabidhi mjane. Utepe ukakatika mikononi mwake.

Lakini sauti ilikuwa salama kwenye kompyuta. Kisha Shangazi akamshika bega. "Ulinzi hauwekwi kwa ajili ya wajinga, mwanangu," alisema. "Unawekwa kwa ajili ya siku ambayo mjuzi ana haraka."